Kuwa Nyuma Si Kushindwa: Hillary, Obama na Ule Wimbo wa "Jitoe"

Kuna msemo ambao kila msimu wa kura za maoni ndani ya vyama hutolewa kabatini, ukafutwa vumbi, kisha akapewa mtu mmoja aumeze: asiyekubali kushindwa si mshindani. Anayepewa siku zote ni yule wa pili. Kura anazo, wapambe anao, ila hesabu zinaonyesha mwenzake yuko mbele kidogo. Basi anaambiwa ajitoe kwa heshima, amwachie mwenzake, asikivuruge chama.

Msemo wenyewe naupenda. Ugomvi wangu ni namna tunavyoutumia. Msemo unataja kushindwa. Haukutaja kuwa nyuma. Timu iliyo nyuma dakika ya sabini iko nyuma tu, haijafungwa mpaka filimbi ya mwisho ilie. Waulizeni AC Milan waliokwenda mapumziko wakiongoza 3-0 kule Istanbul mwaka 2005, halafu kombe likaondoka na Liverpool.

Leo naomba tulitazame jambo hili kupitia mchuano ambao huku kwetu ulifuatiliwa hadi vijiweni: Hillary Clinton na Barack Obama, mwaka 2008, wakigombea kuteuliwa na chama cha Democratic. Tuseme ukweli, wengi wetu tulikuwa upande wa Obama kabla hata hajafungua mdomo. Baba yake alitoka Kogelo, Siaya, kwa hiyo kijana alikuwa wetu. Na kwa kuwa alikuwa wetu, yule mama aliyekataa kujitoa tulimwona king'ang'anizi. "Huyu mama anataka nini tena?" Hilo ndilo lilikuwa swali la mtaani.

Swali zuri. Je, alipaswa kujitoa mapema? Jibu langu ni hapana. Ila kuna mahali alikosea, na hapo sitamtetea.

Tuanze na hesabu, maana wengi waliokuwa wakiimba "jitoe" waliegemea hesabu. Januari 3, 2008 Obama alishinda Iowa na Hillary akawa wa tatu, nyuma hata ya John Edwards. Siku tano baadaye Hillary akaibuka New Hampshire. Februari 5 majimbo zaidi ya ishirini yalipiga kura kwa mpigo mmoja na wawili hao wakatoka karibu sawa. Kisha Obama akashinda mara 11 mfululizo. Februari ilipokwisha alikuwa mbele kwa wajumbe zaidi ya 100 kati ya wale wanaopatikana kwa kura za wananchi.

Utasema, 100 kati ya maelfu ni kitu gani? Hapo ndipo kanuni za chama chao zinapomkaba aliye nyuma. Kwa Democratic, anayeshinda jimbo habebi wajumbe wote. Wanagawana kadiri ya kura. Mfano mtamu ni wa ile ile Februari 5. Kule Idaho, jimbo dogo ambalo watu wapatao 21,000 tu walijitokeza kwenye mikutano ya kuchagua, Obama alizoa wajumbe 15 na Hillary 3. Kule New Jersey, ambako zaidi ya watu milioni moja walipiga kura, Hillary alipata 59 na Obama 48. Fanya hesabu mwenyewe: Obama alipata faida ya 12 kwa watu wa kujaza uwanja mmoja wa mpira, Hillary akapata faida ya 11 kwa jimbo zima lenye mamilioni.

Baadaye, Aprili 22, baada ya wiki sita za kampeni ya jasho, Hillary alishinda Pennsylvania kwa tofauti ya asilimia kama tisa. Ushindi wa kishindo, sherehe, vigelegele. Faida yake? Wajumbe 85 kwa 73. Kumi na wawili. Pennsylvania nzima ilifuta Idaho tu.

Kwa hiyo sitaki kumdharau mtu aliyesema "mama, imetosha". Machi 28 Seneta Patrick Leahy wa Vermont, mzee wa chama, alisema hadharani kwamba Hillary ajitoe. Alikuwa na sababu. Upande wa pili, John McCain wa Republican alikuwa ameshajihakikishia uteuzi tangu Machi 4 na alikuwa akiwatazama hawa wawili wakirushiana maneno. Pesa nazo zilikuwa zinateketea. Hillary mwenyewe aliikopesha kampeni yake zaidi ya dola milioni 11 kutoka mfukoni. Mtu yeyote mwenye mapenzi na chama angeshikwa na wasiwasi.

Lakini angalieni jambo moja. Siku hizo hizo aliulizwa Obama, yeye aliyekuwa mbele, akasema Hillary anaweza kuendelea kwa muda wote anaotaka. Aliyekuwa na cha kupoteza alikuwa mtulivu kuliko wapambe wake. Sijui kama alifanya hivyo kwa moyo mweupe au kwa akili ya siasa, na wala si muhimu. Alijua kwamba ukimfukuza mtu mlangoni, watu wake hawaingii kwako. Wanakwenda nyumbani kulala.

Sasa niseme kwa nini naona yule mama alikuwa na haki ya kubaki.

Kwanza, kulikuwa na watu ambao hawajapiga kura. Leahy alipotoa ushauri wake, Pennsylvania ilikuwa haijapiga, Indiana bado, North Carolina bado, West Virginia, Kentucky, Oregon, Puerto Rico, Montana, South Dakota, wote bado. Kwa miaka mingi watu wa majimbo hayo ya mwisho walizoea kufika mezani sahani zikiwa tupu. Mwaka 2008 kwa mara moja chakula kiliwakuta. Wagombea walikwenda kwao, wakawasikiliza, wakaomba kura yao kama wanavyoomba ya mtu wa Iowa. Halafu mtu akae Washington aseme basi, tumeshajua matokeo? Mei 13, wiki moja baada ya wachambuzi wa televisheni kutangaza kwamba mchezo umekwisha, wananchi wa West Virginia walimpa Hillary ushindi wa tofauti ya asilimia 41. Hawakuwa wajinga. Televisheni wanazo. Walikuwa wanasema nasi tuhesabiwe.

Pili, Obama mwenyewe hakuwa ameshinda. Hili husahaulika sana. Chama kilikuwa na wajumbe wa aina mbili: wale wa kura za wananchi, na wale vigogo wapatao 800, yaani wabunge, magavana na viongozi wa chama, waliokuwa huru kumchagua wamtakaye. Mchuano ulibana kiasi kwamba hakuna aliyeweza kufika kiwango cha ushindi, ambacho mwishoni kilikuwa 2,118, bila kuwategemea vigogo. Obama alivuka mstari Juni 3 kwa msaada wao. Binafsi utaratibu wa vigogo siupendi, unanuka kamati za usiku. Lakini ndiyo kanuni iliyokuwepo, na kwa kanuni hiyo kumshawishi kigogo ilikuwa halali kwa wote wawili.

Tatu, mchuano mrefu ulijenga nyumba ambayo wengi walidhani unaibomoa. Indiana haikuwa imempa mgombea urais wa Democratic ushindi tangu 1964. North Carolina tangu 1976. Mei 6, 2008 majimbo yote mawili yalikuwa uwanja wa vita kati ya Hillary na Obama: ofisi zikafunguliwa, vijana wa kujitolea wakapatikana, wapiga kura wapya wakaandikishwa mlango kwa mlango. Novemba 4 Obama akayachukua yote mawili, North Carolina kwa kura kama 14,000 tu kati ya zaidi ya milioni nne. Sisemi kwamba mchuano peke yake ndio uliompa ushindi. Septemba ile benki ya Lehman Brothers ilianguka na uchumi ukaanguka nayo, na aliyebebeshwa lawama ni chama kilichokuwa Ikulu. Lakini wale waliotabiri kwamba chama kitafika Novemba kikiwa maiti, walikikuta kina kura 365 dhidi ya 173 za McCain.

Haya, nimemtetea vya kutosha. Sasa alipokosea.

Majimbo ya Michigan na Florida yalijipangia tarehe za Januari kinyume na ratiba ya chama. Chama kikayaadhibu kwa kuyanyang'anya wajumbe wote. Wagombea wakubwa, Hillary akiwemo, waliahidi kutofanya kampeni huko. Kule Michigan Obama aliondoa hata jina lake kwenye karatasi ya kura. Hillary hakuondoa la kwake, akashinda. Kushinda mbio ambazo mpinzani wako hayumo si jambo la kujisifia, lakini alipojikuta nyuma, timu yake ikaanza kudai kura hizo zihesabiwe zote kama kwamba hakukuwa na makubaliano. Mei 31 kamati ya kanuni ya chama ilikaa Washington ikaamua wajumbe wa majimbo hayo wahesabiwe nusu nusu, na watu wa Hillary wakatoka wakilalamika.

Hapo, ndugu zangu, ndipo mgombea anapovuka mpaka. Kupigana mpaka mwisho kwa kanuni mlizokubaliana ni ushindani. Kuikana kanuni uliyoitia saini, kwa sababu tu sasa inakuumiza, ni mizengwe. Na mizengwe haina jinsia wala rangi.

Kosa la pili lilikuwa la ulimi, ambao tunajua hauna mfupa. Kabla ya uchaguzi wa Texas timu yake ilitoa tangazo la simu inayolia Ikulu saa tisa za usiku, likiuliza ungependa nani aipokee. Hilo naliita siasa ya kawaida. Lakini alipofika kusema kwamba yeye ana uzoefu, McCain ana uzoefu, na Obama ana hotuba aliyoitoa mwaka 2002, alimpa adui wa chama risasi za bure. Agosti watu wa McCain waliyachukua maneno ya Hillary wakayatia kwenye tangazo lao. Ukiwa nyuma una haki ya kusema wewe ni bora. Huna haki ya kusema hata yule wa chama kingine ni bora kuliko ndugu yako.

Pamoja na hayo, tazameni alivyomaliza. Kura za mwisho zilipigwa Juni 3. Juni 7, siku nne tu baadaye, alisimama Washington mbele ya watu wake, wengi wao akina mama waliokuwa wakilia, akawaambia wamuunge mkono Obama. Akakumbusha karibu watu milioni 18 waliompigia kura na nyufa walizozitia kwenye ule ukuta unaowazuia wanawake kufika juu. Agosti 27, kwenye mkutano mkuu wa Denver, wakati majimbo yakitaja kura zao moja moja, alisimama katikati ya wajumbe wa New York akaomba mkutano umpitishe Obama kwa kauli moja. Januari 2009 akawa Waziri wake wa Mambo ya Nje. Huyo ndiye tuliyemwita king'ang'anizi.

Mlinganishe na Edward Kennedy mwaka 1980. Kennedy alikuwa nyuma ya Rais Jimmy Carter. Nao walimaliza kura zao Juni 3, na Carter alikuwa na wajumbe wa kutosha. Lakini Kennedy hakusimama. Aliburuza vita kwa zaidi ya miezi miwili hadi mkutano mkuu wa New York mwezi Agosti, akitaka kanuni ibadilishwe ili wajumbe wasifungwe na kura za wananchi wao. Akashindwa, na siku ya mwisho jukwaani watu walimwona Carter akimzungukazunguka apate picha ya mikono iliyoinuliwa pamoja, asiipate. Novemba Ronald Reagan alichukua majimbo 44. Carter alikuwa na mizigo mingine, mateka wa Tehran na bei za vitu, siwezi kumtwisha Kennedy yote. Ila tofauti ya siku nne na miezi miwili ni kubwa. Mmoja alisubiri kura ziishe. Mwingine kura ziliisha, yeye hakuisha.

Nirudi nyumbani, maana hili si la Wamarekani peke yao.

Mwaka 1995, Dodoma, CCM ilibaki na majina matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza lakini hakufikisha nusu. Duru ya pili Mkapa akampita. Fikiria uchungu wake: unaongoza asubuhi, jioni umeshindwa, na bado kijana wa miaka 44. Angeweza kupiga kelele. Alikubali, akawa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi, na 2005 akarudi akachukua urais kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Watu humsifu kwa subira, na wana haki. Lakini tukumbuke kilichofanya subira hiyo iwezekane. Alipigiwa kura. Alihesabiwa mbele ya mkutano mkuu. Alijua ameshindwa kwa kura.

Sasa nenda 2015, Dodoma hiyo hiyo. Edward Lowassa hakufika kwenye kura. Jina lake lilikatwa kwenye vikao vya juu, na wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba kwamba wana imani naye. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya Lowassa, mimi pia ninayo. Mwisho wa Julai alikuwa amehamia Chadema, akagombea urais kupitia huko na kupata karibu asilimia 40. Alirudi CCM mwaka 2019, na alifariki Februari 2024. Swali langu ni moja: angeshindwa kwa kura mbele ya mkutano mkuu, angeondoka na watu wengi kiasi kile? Siamini. Mtu aliyeshindwa kwa kura huondoka na majonzi. Mtu aliyekatwa bila kuhesabiwa huondoka na umati.

Na katika miezi ile ile ambayo Hillary na Obama walikuwa wakigombania wajumbe wa Idaho, majirani zetu Kenya walikuwa wakizika. Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 haukuwa uteuzi wa chama, ulikuwa wa taifa, lakini funzo ni hilo hilo. Zaidi ya watu elfu moja walikufa. Mwenyekiti wa tume mwenyewe alifika mahali akasema hajui nani alishinda. Ukimwambia mtu "kubali kushindwa" wakati mwenye kuhesabu hajui kashinda nani, unamwomba akubali nini hasa?

Ndiyo maana nasema wimbo wa "jitoe" tunauimbia mtu asiye sahihi. Tunamwimbia mgombea wa pili, tunamwacha mwenye kuhesabu. Mwaka 2016 Bernie Sanders alikaa hadi Julai 12 ndipo akamuunga mkono Hillary, na watu wake walizomea hadi ndani ya mkutano mkuu wa Philadelphia. Wengi walimlaumu yeye. Lakini siku chache kabla ya mkutano huo zilivuja barua pepe zilizoonyesha baadhi ya watendaji wa makao makuu ya chama hawakuwa wakimpenda mgombea huyo, na mwenyekiti wa chama akajiuzulu. Mzomeaji alikuwa na hoja. Agosti 2018 chama kikabadili kanuni: vigogo hawapigi tena kura katika duru ya kwanza ya mchuano ambao mshindi wake bado hajulikani. Hilo lisingetokea kama Sanders angerudi nyumbani Machi. Na mwaka 2020 Sanders huyo huyo alijitoa Aprili 8, majimbo mengi yakiwa hayajapiga kura na korona ikiwa imefunga nchi. Aliamua mwenyewe, kwa wakati wake. Hapo ndipo heshima ilipo. Anayejitoa aamue yeye, asisukumwe na wenye haraka ya kugawana vyeo.

Kwa hiyo, mgombea uliye nyuma, mimi sikuombi ujitoe. Nakuuliza mambo matatu. Je, kuna wanachama ambao bado hawajapiga kura? Kama wapo, baki, wasubiri. Je, unapigana kwa kanuni zile zile ulizozikubali siku ya kuchukua fomu? Kama unataka kuzigeuza njiani, acha. Je, maneno unayoyasema leo, mpinzani wa chama chako ataweza kuyachapa kwenye bango kesho? Kama ndiyo, yameze. Halafu kura ya mwisho ikishahesabiwa hadharani, usingoje kuombwa. Simama, mshike mkono mwenzako, uwaambie watu wako waziwazi waende upande gani. Mtu wako akisikia kigugumizi katika siku hiyo, kigugumizi hicho atakibeba hadi kwenye sanduku la kura.

Na ninyi viongozi wa vyama mnaopenda msemo wa asiyekubali kushindwa si mshindani, kabla ya kumpa mtu msemo huo, mpeni kwanza kura. Mwacheni ashindwe. Kushindwa nako ni haki ya mwanachama, na wengi katika vyama vyetu hawajawahi kuipata, kwa sababu majina yao huishia mezani.

Naomba kutoa hoja.